Uungwana au Kanuni? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Wiketi ya Jonny Bairstow

Ninaamua mechi za kriketi za shule hapa Kisumu, na pale waamuzi wanapopungua husafiri hadi Nakuru kusaidia. Tangu Julai 2023 hakuna wiketi, yaani kutolewa kwa mpigaji, ambayo nimeulizwa habari zake zaidi kuliko ile ya Jonny Bairstow wa Uingereza. Wanafunzi huuliza, walimu wa michezo huuliza, na hata wazazi ambao hawajawahi kushika gongo la kriketi huniuliza kama kweli mtu anaweza kutolewa kwa namna ile na ikahesabiwa kuwa halali. Nimeyakusanya hapa maswali hayo pamoja na majibu yangu, na pale ambapo jibu ni maoni yangu binafsi nimesema hivyo waziwazi.

Ni nini hasa kilichotokea siku ile?

Ilikuwa Jumapili, tarehe 2 Julai 2023, siku ya tano na ya mwisho ya mechi ya pili ya Testi katika mfululizo wa Ashes kati ya Uingereza na Australia, katika uwanja wa Lord's, London. Uingereza walikuwa wakifukuzia mikimbio 371 (mikimbio ndiyo alama za mchezo huu), na walikuwa wamefikisha 193 kwa kupoteza wiketi tano. Cameron Green wa Australia alirusha mpira wa mwisho wa ova, yaani zamu ya mipira sita, mpira mfupi uliodunda na kupaa. Bairstow akainama ukampita, akakwangua ardhi kwa kiatu nyuma ya mstari wa krizi, eneo ambamo mpigaji yuko salama, kisha akatoka kuelekea katikati ya pichi kuzungumza na mwenzake, Ben Stokes, bila kugeuka nyuma wala kumtazama mwamuzi.

Wakati huo Alex Carey, mlinda wiketi wa Australia anayesimama nyuma ya vijiti, alikuwa amekwisha kuudaka mpira na kuurusha kwenye vijiti hivyo, ambavyo navyo huitwa wiketi, katika mwendo mmoja. Beili, vipande vidogo vinavyokaa juu ya vijiti, zilianguka Bairstow akiwa nje ya krizi. Waaustralia walidai wiketi, yaani walimwomba mwamuzi aamue kwamba mpigaji ametoka, mwamuzi wa televisheni, Marais Erasmus, akazitazama picha, na Bairstow akatolewa akiwa na mikimbio 10.

Hasira zilizofuata ndizo zilizoifanya wiketi hii ijulikane duniani kote. Stokes alimpiga Green sita tatu mfululizo (sita ni mpira unaovuka mpaka bila kudunda) na kufikisha mikimbio mia moja, akaendelea hadi 155, lakini Uingereza wakashindwa kwa mikimbio 43. Wachezaji wa Australia walipokuwa wakipita ukumbini kwenda kula chakula cha mchana walizomewa na kutupiwa maneno, na baadhi ya wanachama wakakabiliana na Usman Khawaja na David Warner ana kwa ana. Klabu ya MCC, ambayo ndiyo mwenye uwanja wa Lord's, iliwaomba Waaustralia radhi na kuwasimamisha wanachama watatu. Mawaziri wakuu wa nchi zote mbili nao walijiunga na mjadala, kila mmoja upande wa timu yake. Jambo lililonihuzunisha kuliko yote ni kwamba MCC ndiyo inayotunza Kanuni za Kriketi tangu mwaka 1788, na waliowazomea wachezaji kwa kuzifuata Kanuni hizo walikuwa wanachama wake wenyewe.

Kwani mpira haukuwa umekufa? Ova ilikuwa imekwisha.

Hapa ndipo watu wengi hukosea, kwa hiyo nitaeleza kwa kirefu. Ova haimalizwi na mpigaji anayehesabu mipira sita kichwani mwake. Humalizwa na mwamuzi anapotangaza, na mwamuzi hutangaza mpira wa sita ukisha kufa. Siku ile hakuwa ametangaza.

Kanuni ya 20 inataja njia kadhaa za mpira kufa, na mbili zinatuhusu hapa. Ya kwanza ni mpira unapotulia kabisa mikononi mwa mlinda wiketi au mrushaji. Ya pili ni pale inapomdhihirikia mwamuzi wa upande wa mrushaji kwamba timu inayolinda pamoja na wapigaji wote wawili wameacha kuuhesabu mpira kuwa uko mchezoni. Zingatia neno "pamoja". Haitoshi mpigaji peke yake kuona kwamba mambo yamekwisha. Ni lazima wapinzani wake nao wawe wameona hivyo. Carey hakuushikilia mpira hata kidogo, na kitendo chenyewe cha kuurusha kwenye vijiti kinaonyesha kwamba kwake yeye mpira ulikuwa ungali hai. Kwa hiyo mpira haukutulia, na pande mbili hazikukubaliana kuuacha.

Ingekuwa Carey ameudaka, akausimamisha mkononi, akamsubiri Bairstow atoke kisha ndipo arushe, ningesema mpira ulikuwa umekufa na Bairstow abaki. Mpira uliondoka mkononi mwa Carey kabla Bairstow hajatoka. Tofauti hiyo ya sekunde moja ndiyo kesi yote.

Kwa nini iliandikwa kwamba alistampiwa na si kwamba alitolewa akikimbia?

Kwa sababu hakuwa akijaribu kupata mkimbio. Chini ya Kanuni ya 39, mpigaji aliye nje ya krizi bila kutafuta mkimbio, na wiketi yake ikavunjwa na mlinda wiketi bila mlinzi mwingine kuugusa mpira, amestampiwa. Haijalishi kama mlinda wiketi alikuwa amesimama karibu na vijiti au alirusha kutoka mbali.

Je, Australia walidanganya?

Hapana. Neno hilo ni zito, na nimelisikia likitamkwa na watu wazima mbele ya watoto bila uangalifu. Kudanganya ni kudai umedaka mpira ulioona ukigusa nyasi, ni kuukwangua mpira kwa karatasi ya msasa mfukoni kama walivyofanya Waaustralia wengine kule Cape Town mwaka 2018, ni kumwambia mwamuzi jambo unalojua si kweli. Carey hakuficha chochote. Alirusha mpira mbele ya maelfu ya watu, akadai, na mwamuzi akaamua. Nahodha wake, Pat Cummins, alieleza baadaye kwamba Carey alikuwa amegundua mipira michache kabla kwamba Bairstow hutoka krizi mapema.

Unaweza kuniambia kwamba Cummins hakuwa mkarimu, nami nitakusikiliza. Ukiniambia kwamba alikuwa mdanganyifu, hatutaelewana.

Hiyo Roho ya Kriketi inayotajwa imeandikwa wapi?

Imeandikwa mwanzoni mwa kitabu cha Kanuni, kama dibaji, na iliingizwa mwaka 2000 kwa juhudi za waliokuwa manahodha wa Uingereza, Colin Cowdrey na Ted Dexter. Inasema kwamba mvuto wa mchezo huu unatokana na kuchezwa kwa kufuata Kanuni na vilevile Roho yake, na kwamba wajibu mkubwa wa kuhakikisha mchezo wa haki uko juu ya manahodha. Inazungumza juu ya heshima kwa wenzako, kwa wapinzani na kwa waamuzi. Haimwambii mlinda wiketi asirushe mpira kwenye vijiti. Wanaoitaja mara nyingi huiwekea maneno ambayo haina.

Kwa Kiswahili ningependa kuiita uungwana, kwa maana babu zetu walilitumia neno hilo kwa mtu ambaye hahitaji kusimamiwa ili atende haki. Hata hivyo muungwana ni yule anayejidai yeye mwenyewe kwanza. Anayeshika uungwana kama fimbo ya kumpigia mwenzake ameushika upande usiofaa.

Je, Uingereza walikuwa na haki ya kulalamika?

Walikuwa na haki ya kuhuzunika, kwa sababu kushindwa namna ile kunauma. Kuhusu malalamiko, naomba uyatazame mambo manne.

Jioni iliyotangulia, Ben Duckett wa Uingereza aliupiga mpira wa Green juu, na Mitchell Starc akaudaka akikimbia karibu na ukingo wa uwanja. Duckett alianza kuondoka. Picha zilionyesha kwamba Starc, alipokuwa akiteleza chini, aliuburuza mpira kwenye nyasi kabla hajaumudu mpira na mwendo wa mwili wake mwenyewe, kama Kanuni ya kudaka inavyotaka. Duckett alirudishwa. Waaustralia waliokuwa wakisherehekea walikubali, ingawa kwa manung'uniko, kwamba Kanuni ndivyo isemavyo. Hakuna Mwingereza aliyesema siku hiyo kwamba kwa uungwana Duckett angeendelea tu kutembea kwa kuwa Starc alikuwa ameushika mpira kwa dhati.

Mwaka mmoja kabla, Juni 2022, katika uwanja huohuo wa Lord's, Stuart Broad alidai kwamba mpira umempiga Colin de Grandhomme wa New Zealand mguuni mbele ya wiketi, jambo linaloweza kumtoa mpigaji. De Grandhomme, akili yake ikiwa kwenye dai hilo, akajikuta nje ya krizi. Ollie Pope akaokota mpira, akarusha, akavunja vijiti. Alitolewa kwa mpira wake wa kwanza. Nahodha wa Uingereza alikuwa Stokes na kocha alikuwa Brendon McCullum, walewale wa mwaka 2023, na hawakumrudisha.

Jambo la tatu ni la McCullum mwenyewe. Desemba 2006 kule Christchurch, akiwa mlinda wiketi wa New Zealand, alimtoa Muttiah Muralitharan ambaye alikuwa ameacha krizi kwenda kumpongeza Kumar Sangakkara kwa kufikisha mia moja. Mwaka 2016, alipoalikwa Lord's kutoa hotuba ya kila mwaka kuhusu Roho ya Kriketi, McCullum aliomba radhi hadharani, naye Sangakkara akiwa amehudhuria. Namheshimu sana kwa hilo, kwani si kila mtu hujisahihisha mbele ya dunia baada ya miaka kumi. Lakini mtu aliyehitaji miaka kumi kufika hapo angeweza kumvumilia Cummins kwa saa chache.

La nne ni kwamba Bairstow, ambaye naye ni mlinda wiketi, amewahi kurusha mpira kwenye vijiti kwa namna hiyohiyo akitumaini kumkuta mpigaji nje, na Cummins alilikumbusha jambo hilo baada ya mechi. Wahenga walisema mkuki kwa nguruwe ni mtamu, kwa binadamu ni mchungu.

Kuna nahodha aliyewahi kumrudisha mpigaji kweli, au ni hadithi tu?

Wapo, na yumo pia mrushaji mmoja ambaye hakuwa nahodha; habari zao ndizo ninazowasimulia watoto zaidi.

Mwaka 1980 mjini Bombay, Gundappa Viswanath, nahodha wa India, alimwona Bob Taylor wa Uingereza akitolewa kwa kudakwa na mlinda wiketi ilhali yeye, aliyekuwa amesimama karibu, aliamini kwamba gongo halikuugusa mpira. Alimwita arudi. Taylor na Ian Botham wakaongeza pamoja mikimbio 171, na India wakashindwa kwa wiketi kumi.

Mwaka 1987, katika Kombe la Dunia kule Lahore, Courtney Walsh wa West Indies alikimbia kurusha mpira wa mwisho, akamwona Saleem Jaffar wa Pakistan, mpigaji wa pili anayesimama upande wa mrushaji, ametangulia kutoka krizi. Angeweza kuvunja wiketi na mechi ikaishia hapo. Alisimama, akamwacha, akarudi kurusha upya, na Pakistan wakashinda. West Indies hawakufika nusu fainali.

Mwaka 2011 kule Trent Bridge, Ian Bell wa Uingereza alidhani mpira umefika mpakani na muda wa chai umeingia, akaanza kutembea kwenda nje. Wahindi walivunja wiketi, akatolewa akiwa na 137. Wakati wa chai viongozi wa Uingereza walikwenda kuzungumza na Wahindi, na Mahendra Singh Dhoni akaliondoa dai lake. Bell alirudi, akafikisha 159. India walishindwa kwa mikimbio 319. Miaka tisa baadaye ICC, chombo kinachosimamia kriketi duniani, ilimpa Dhoni tuzo ya Roho ya Kriketi ya mwongo mzima kwa kitendo hicho.

Nakuomba utambue kwamba wote watatu walishindwa. Siwasimulii watoto visa hivi ili kuwaambia kwamba wema hulipwa palepale uwanjani, maana hilo si kweli, na mtoto aliyeambiwa hivyo atauacha wema siku ya kwanza usipolipwa.

Tena wapo waliokataa wakajuta. Mwaka 2008 pale The Oval, Grant Elliott wa New Zealand aligongana na Ryan Sidebottom akikimbia, akaanguka, wiketi ikavunjwa akiwa chini. Mwamuzi alimuuliza Paul Collingwood, nahodha wa Uingereza, kama anashikilia dai lake. Akasema ndiyo. New Zealand walishinda kwa wiketi moja hata hivyo, na Collingwood akaomba radhi. Kwangu hicho ni kisa kibaya zaidi ya cha Bairstow, kwa kuwa Elliott hakufanya uzembe wowote, aliangushwa.

Je, ni sawa kumtoa mpigaji wa upande wa mrushaji anayetangulia kutoka krizi?

Ni sawa kabisa, na katika jambo hili sina shaka hata chembe. Mpigaji huyo anajipunguzia umbali wa kukimbia. Anaiba hatua mbili, halafu tunamwita mrushaji anayemkamata kuwa ndiye mtu mbaya. Kwa miaka mingi kitendo hiki kilipewa jina la Vinoo Mankad, Mhindi aliyemtoa Bill Brown wa Australia kule Sydney mwaka 1947, ingawa Mankad alikuwa amemwonya Brown katika mechi iliyotangulia. Ni dhulma kulichukua jina la mtu aliyefuata Kanuni na kulifanya jina la aibu, ndiyo sababu mimi silitumii ninapofundisha.

Septemba 2022 pale Lord's, Deepti Sharma wa India alimtoa Charlie Dean wa Uingereza kwa njia hiyo, akiwa mpigaji wa mwisho, na India wakashinda kwa mikimbio 16. Dean aliondoka akilia, na lawama zote zikamwangukia Deepti. Wiki moja baadaye, tarehe 1 Oktoba 2022, mabadiliko ambayo MCC ilikuwa imeyatangaza mapema mwaka huo yalianza kutumika: kitendo hicho kilihamishwa kutoka Kanuni ya 41 inayohusu mchezo usio wa haki, kikapelekwa Kanuni ya 38 inayohusu kutolewa akikimbia. Hakuna sharti la kuonya kwanza.

Bairstow, tofauti na hao, hakuwa akiiba chochote. Alikuwa amezembea. Kwa hiyo ninaelewa anayemhurumia Bairstow asimhurumie Dean.

Na kisa cha Angelo Mathews katika Kombe la Dunia?

Tarehe 6 Novemba 2023 mjini Delhi, Mathews wa Sri Lanka aliingia uwanjani, ukanda wa kofia yake ngumu ukakatika kabla hajakabili mpira, akaomba nyingine. Kanuni za mashindano hayo zilimpa mpigaji mpya dakika mbili za kuwa tayari. Shakib Al Hasan, nahodha wa Bangladesh, alidai, waamuzi wakamuuliza kama ana hakika, akashikilia, na Mathews akawa mchezaji wa kwanza katika historia ya kriketi ya kimataifa kutolewa kwa kuchelewa.

Waamuzi walifuata kanuni. Lakini kanuni ile iliwekwa kuwazuia wanaopoteza muda makusudi, na kofia hulinda kichwa cha mtu. Hapa ningetamani Shakib angeliondoa dai lake, na ninatamani hivyo kwa nguvu kuliko ninavyotamani kwa Cummins.

Kwa nini kanuni zenyewe zisirekebishwe ili mabishano haya yaishe?

Wakati mwingine hurekebishwa. Tarehe 1 Februari 1981, mjini Melbourne, New Zealand walihitaji sita katika mpira wa mwisho ili kupata sare. Greg Chappell, nahodha wa Australia, alimwagiza mdogo wake Trevor auviringishe mpira ardhini ili Brian McKechnie asiweze kuuinua. Kanuni za siku hizo ziliruhusu. Waziri mkuu wa New Zealand, Robert Muldoon, alikiita kitendo cha woga, na kurusha namna hiyo kukapigwa marufuku.

Kisa cha Bairstow hakirekebishiki kirahisi hivyo. Ukimkataza mlinda wiketi kurusha mpira kwa mpigaji aliye nje ya krizi, umewaruhusu wapigaji wasimame mbele ya krizi kadiri wapendavyo ili kuwavuruga warushaji wa kasi. Kanuni iliyomtoa Bairstow hufanya kazi muhimu kila siku katika kila kiwanja, pamoja na mkeka wetu wa kuchezea hapa Kisumu.

Mbona katika soka mpira hutolewa nje mtu akiumia? Si huo ndio uungwana?

Ndiyo, na mfano huu huletwa sana hapa kwetu ambapo soka ndiyo lugha ya kila mtaa. Wapenzi wa Arsenal wa umri wangu watakumbuka Februari 1999, Sheffield United walipotoa mpira nje ili mchezaji wao atibiwe, na Nwankwo Kanu, ambaye ndiyo kwanza alikuwa amejiunga na Arsenal na hakutambua kwamba mpira ulikuwa ukirudishwa kwa wenyewe, akaukimbilia na kumpasia Marc Overmars akafunga. Bao lilikuwa halali. Arsène Wenger alijitolea mechi irudiwe, ikarudiwa, na Arsenal wakashinda tena 2 kwa 1.

Ila tazama tofauti. Sheffield walikuwa wameacha mpira kwa hiari, wakitegemea ahadi ambayo wachezaji wote huijua. Bairstow hakupewa ahadi yoyote na Carey. Desturi humfunga mtu pale pande zote mbili zinapoishika, na desturi ya kwamba mlinda wiketi harushi mpira mwishoni mwa ova haikuwapo, kama Bairstow mwenyewe alivyojua.

Je, sisi Wakenya tumewahi kunufaika na kanuni kwa namna iliyolalamikiwa?

Tumewahi, na ni vyema tukumbuke. Katika Kombe la Dunia la 2003, New Zealand walikataa kuja Nairobi kwa hofu ya usalama, na kanuni za mashindano zikatupa pointi za mechi hiyo. Pointi hizo zilitusaidia kufika nusu fainali. Wapo walionung'unika ng'ambo kwamba hatukustahili, nasi tukawajibu kwamba tuliwafunga Sri Lanka kwa mikimbio 53, Collins Obuya akichukua wiketi tano kwa mikimbio 24, na kwamba aliyekataa kuja kiwanjani hawezi kudai matokeo. Sikumbuki Mkenya yeyote aliyependekeza pointi zirudishwe, na sidhani tulipaswa kuzirudisha.

Siku mbili kabla ya nusu fainali yetu na India mjini Durban, Adam Gilchrist wa Australia, katika nusu fainali ya kwanza dhidi ya Sri Lanka, aliondoka mwenyewe baada ya mwamuzi kusema abaki, kwa sababu alijua gongo lake limegusa mpira. Mwaustralia. Mtu anayesema kwamba taifa fulani halina uungwana anapaswa kumkumbuka.

Wewe ungekuwa Cummins ungefanya nini?

Ningeliacha dai langu lisimame. Hao walikuwa watu wazima, wachezaji wa kulipwa, na Bairstow alikuwa mlinda wiketi mwenye uzoefu wa miaka mingi aliyejua vyema mpira hufa lini. Vigezo ninavyotumia ni hivi: je, mpigaji alihadaiwa, alizuiwa, au aliumia? Bairstow hakufikwa na lolote kati ya hayo. Bell alichanganywa na mlinzi aliyeonekana kama anaufuata mpira uliokwisha kuvuka, Elliott aliangushwa, Mathews alikatikiwa na ukanda. Muralitharan alikuwa akimpongeza rafiki yake, na hapo sitaki hata kutumia kigezo. Mtu ahisi tu.

Angekuwa mtoto wa miaka kumi na mitatu katika mechi yake ya tatu, ningependa nahodha amrudishe mara moja, amwambie kwa nini, na mara ya pili asimrudishe.

Nahodha ana muda gani wa kuondoa dai lake?

Kanuni ya 31 inasema anaweza kuliondoa kwa idhini ya mwamuzi, kabla mpira haujaingia mchezoni kwa mrusho unaofuata, na mpira huingia mchezoni mrushaji anapoanza kukimbia. Kama zamu ya kupiga imekwisha, mwisho wake ni pale waamuzi wanapoondoka uwanjani. Dhoni alibahatika kuwa na muda wa chai.

Nimewahi kuona muda huo ukipita. Ilikuwa mechi ya shule mbili za hapa, alasiri, upepo wa ziwa umeanza kuinua kingo za mkeka. Mvulana mmoja aliucheza mpira ukaishia miguuni mwake, akatoka krizi kuuweka sawa mkeka kwa gongo lake. Mlinda wiketi akauokota na kuvunja vijiti, wakadai, nikamtoa. Yule mvulana alinitazama kana kwamba sikumwelewa, kisha akaondoka. Nahodha wa upande wa pili alimtazama kocha wake aliyekuwa kando ya uwanja, na kocha akatikisa kichwa. Mpigaji mpya akaingia, mrushaji akakimbia, mpira ukarushwa. Baada ya mpira huo nahodha alinijia mbio, akasema, "Mwalimu, nataka arudi. Alikuwa anatutengenezea mkeka sote." Nilimwambia kwamba siwezi, kwamba angeniambia dakika moja kabla ningempungia mkono yule mwenzake arudi. Akauliza kama kweli hakuna njia. Hakukuwa na njia.

Tangu siku hiyo, kabla ya sarafu kurushwa, huwaita manahodha wote wawili na kuwaeleza mambo mawili: kwamba dai ni la nahodha na si la kocha, na kwamba wakitaka kuliondoa wanyanyue mkono kabla mpigaji mpya hajakabili mpira. Nikiona nahodha anasita, huchelewa kidogo kurudi mahali pangu, nikihesabu mipira mfukoni.